They Live (1988): mwisho wake haujakatwa, umeishia panapotakiwa

MTAZAMAJI WA USIKU (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila zinapotajwa filamu za viumbe wa sayari nyingine, hii ya John Carpenter haikosi kutajwa, na hakosi pia mtu wa kusema imekatwa mkia: stelingi kafa, dishi limelipuka, kichekesho kimoja cha chumbani, majina yanapanda. Wanasema hela ziliisha. Mimi naipenda sana kazi hii na naona mwisho wake ndio kitu bora kuliko vyote vilivyomo, kwa hiyo leo naeleza kwa kirefu. Ambaye hajaitazama akaitazame kwanza, maana nitafika hadi picha ya mwisho kabisa.

Kwa waliosahau: Nada ni kibarua anayetembea na begi mgongoni. Katoka Denver ambako kazi zimekauka, kafika Los Angeles, kapata kazi ya ujenzi, na usiku analala kwenye kambi ya watu wasio na makazi. Anakutana na boksi la miwani ya jua. Akivaa, mji wote unageuka mweusi na mweupe, na mabango ya biashara yanaonyesha amri zilizofichwa: TII, NUNUA, OANENI MZAANE, ENDELEENI KULALA. Noti za mwuza magazeti zimeandikwa kwamba huyu ndiye mungu wako. Halafu anaona kwamba baadhi ya watu wenye suti nzuri na saa za bei si watu. Nyuso zao ni kama mafuvu yenye macho ya bati. Hakuna uvamizi unaokuja. Uvamizi ulishakamilika zamani, watu hawakuona kwa sababu kuna mtambo unaorusha mawimbi ya kuwafumba macho.

Sasa twende mwishoni. Nada na mwenzake Frank wanajikuta kwenye makao ya wageni, yaani hao viumbe wa sayari nyingine, chini ya ardhi. Huko wanapokelewa na mzee mmoja ambaye mwanzoni alikuwa naye kambini, alikuwa akikaa mbele ya TV na kufoka kila matangazo yalipoingiliwa. Leo kavaa suti nyeusi ya sherehe na tai ya kipepeo. Anadhani hawa nao wameshasajiliwa, kwa hiyo anawatembeza kwa furaha kama mwenyeji: ukumbi wa karamu ambako binadamu matajiri wanapongezwa kwa kipato chao kuongezeka kwa asilimia 39, msemaji akiahidi kwamba ifikapo 2025 dunia nzima itakuwa chini ya himaya hiyo, kisha kituo cha kusafiria kwenda sayari nyingine, kisha mlango wa studio ya Cable 54, ambako mawimbi yanatoka.

Hapo risasi zinaanza. Wanapanda ghorofani. Holly, mfanyakazi wa kituo hicho ambaye Nada alikuwa na imani naye, anampiga Frank risasi ya kichwa. Juu ya paa anamwelekezea Nada bastola, huku helikopta ikizunguka na kumwamuru aondoke kwenye dishi linalorusha yale mawimbi. Nada anatulia. Kisha bastola ndogo aliyoificha kwenye mkono wa nguo inateleza hadi kiganjani, anampiga Holly, anageuka anapiga dishi. Helikopta inammaliza. Akiwa chini, anaona dishi linavyolipuka, anainua kidole cha kati kuelekea juu, na kufa.

Baada ya hapo ni picha fupi fupi tu. Watangazaji wa TV wanaendelea kusoma habari bila kujua kwamba sura zao zimeanikwa. Wachambuzi wawili wa filamu, wote wageni, wanalalamika kwamba waongozaji kama George Romero na Carpenter mwenyewe wamezidisha ukatili. Kwenye baa mtu anageuka na kumwona aliyekaa karibu naye. Mwisho mwanamke yuko kitandani juu ya mwanamume, anatazama TV, anatazama chini, anakuta yuko na mgeni. Mgeni anamuuliza kuna nini mpenzi. Basi, imeisha.

Hoja yangu ya kwanza ni ya hela. Carpenter hakuishiwa, alichagua hela kidogo. Mwaka 1982 alipewa kama dola milioni 15 kutengeneza The Thing, haikufanya vizuri sokoni. Mwaka 1986 akapewa takriban milioni 20 kwa Big Trouble in Little China, ikaanguka vilevile, na alichoka kusukumwa na studio kubwa. Akaingia mkataba na kampuni ya Alive Films: bajeti ndogo, kama milioni 3 kwa kila filamu, lakini uamuzi wote uwe wake. Prince of Darkness ikatoka 1987, hii ikafuata Novemba 1988, na wiki yake ya kwanza iliongoza kwenye kumbi za Marekani. Kwa hiyo alipokaa kuandika alishajua hana vita vya majeshi. Mtu anayejua hivyo tangu ukurasa wa kwanza haandiki hadithi inayohitaji vita halafu akwame mlangoni. Aliandika hadithi ambayo silaha yake ni miwani, na dunia ya wageni ni picha nyeusi na nyeupe, kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye sinema.

Hoja ya pili ndiyo nzito. Filamu imetoka kwenye hadithi fupi ya Ray Nelson ya mwaka 1963, Eight O'Clock in the Morning. Kule Nada anapigiwa simu na kuambiwa kwamba kesho saa mbili asubuhi moyo wake utasimama. Anafika kituo cha TV, anamuua mgeni anayetangaza, na akiwa amejificha asionekane kwenye picha anaiga sauti yake na kuuamuru mji: amkeni, tuoneni tulivyo, mtuue. Mji unaamka, vita vinaanza, na mwandishi anatuambia waziwazi kwamba ushindi ulikuja baadaye. Nada mwenyewe anakufa kwa moyo saa mbili kamili, maana ile amri ilikuwa imeshamwingia.

Angalieni Carpenter alichoondoa. Kaondoa vita, kaondoa ushindi, na kubwa zaidi kaondoa hotuba. Nada wa kwenye hadithi anawaamsha watu kwa amri, tena kwa sauti ileile iliyokuwa inawalaza. Nada wa filamu hasemi neno kwa umma. Anazima tu. Amri zinakoma na kila mtu anabaki na macho yake. Ndiyo maana filamu haiwezi kuendelea kutuonyesha watu walifanya nini: ikishatuonyesha, itakuwa imewaamulia tena.

Karibuni tujadili.


CHUMA CHA UBUNGO

Mkuu umeandika vizuri ila mimi bado niko upande wa pili. Nimekaa saa moja na nusu nasubiri wale mafuvu wapate kipigo. Mnanipa ugomvi wa uchochoroni zaidi ya dakika tano, watu wawili wanauana kwa sababu mmoja hataki kuvaa miwani, halafu kuikomboa dunia mnanipa dakika mbili? Frank ndiye nilikuwa nampenda kuliko hata Nada. Ana mke na watoto Detroit, anataka apige kazi yake tu apeleke hela nyumbani, hataki makuu. Anauawa kwa risasi moja na mtu ambaye hata hakuwa anamwangalia. Hakuna kuaga, hakuna neno. Hilo mimi naliita haraka.

Na wale wapinzani wa siri waliotengeneza miwani wote walishauawa kwenye kile kikao chao polisi walipovamia. Nani ataongoza watu kesho yake? Wageni wana polisi, wana helikopta, wana benki. Kuonekana sura si kushindwa.


MTAZAMAJI WA USIKU

Chuma, ugomvi wa uchochoroni na mwisho vinakwenda pamoja. Roddy Piper, aliyecheza Nada, alikuwa mwanamieleka kweli, na yeye na Keith David, aliyecheza Frank, walifanya mazoezi ya ugomvi ule kwa wiki kadhaa. Mwanzoni haukupangwa uwe mrefu hivyo. Lakini fikiria unachoona pale. Nada anamwambia rafiki yake vaa hii miwani, na Frank yuko tayari kuvunjwa mbavu kuliko kuvaa. Anapigwa, anainuka, anakataa. Anapigwa tena, anakataa. Tunacheka, maana kinachogombaniwa ni kitu kidogo mno. Frank si mjinga, yeye ndiye aliyemsimulia Nada jinsi wafanyakazi walivyozibeba kampuni za chuma zilipokuwa na hali mbaya na wakubwa wakajipandishia mishahara. Anajua kuna kitu hakiko sawa. Anachokwepa ni kukiona, kwa sababu akishakiona hataweza kurudi kupeleka hela Detroit kama kawaida.

Sasa kama mtu mmoja, rafiki, ilichukua kipigo cha dakika zile zote kumvisha miwani, utawavisha mji mzima kwa njia gani? Haiwezekani mmoja mmoja. Ndiyo maana lazima dishi. Ule ugomvi ndio unaotufanya tuelewe kwa nini Nada anakubali kufa kwa ajili ya risasi moja kwenye chombo cha bati. Ungekuwa wa dakika moja, paa lisingekuwa na uzito.

Kuhusu Frank kufa bila kuaga nakubali inauma, na nadhani ilikusudiwa iume. Kapigwa na mtu aliyempa mgongo kwa sababu alimhesabu kuwa wa kwao.


FUNDI MADISHI

Habari za humu ndani. Mimi kazi yangu ni kufunga madishi na antena, na siku zote watu wananiuliza swali moja kuhusu hii filamu: kama dishi limelipuka, mbona TV bado zinaonyesha? Wale watangazaji wenye mafuvu tunawaonaje?

Jibu ni rahisi. Kituo cha TV hakina njia moja ya kutolea kila kitu. Picha na sauti ya vipindi inaweza kwenda kwa nyaya hadi majumbani, na jina lenyewe la kituo linakuambia ni TV ya nyaya. Lile dishi la juu lina kazi yake nyingine: kurusha wimbi la kuficha. Ukikata la kuficha, la picha linaendelea. Ndiyo maana mtangazaji anaendelea kusoma habari kwa utulivu, kwake studio hakuna taa iliyozimika. Kama TV zingezima zote, watu wangetoka nje kulalamika umeme na wangechelewa kuona. Nimependa kwamba hawakukosea hapo.

Swali la pili, mji mmoja tu au dunia nzima? Dishi linalorusha juu kwenda kwenye setilaiti ni mama. Vituo vingine vinapokea kutoka juu na kurudia. Ukiua mama, watoto wote wanakuwa kimya. Ukiua mtoto mmoja, mtaa mmoja tu ndio unaopoteza. Filamu inalichukulia la Cable 54 kuwa chanzo, kwa hiyo mimi nalihesabu ni mama.

Ila kama fundi nakwambieni hivi: dishi linajengwa upya. Ukiwa na vifaa na watu, halichukui muda mrefu. Hapo ndipo nakubaliana na Chuma kidogo.


MTAZAMAJI WA USIKU

Fundi, umenifunza kitu, asante sana. Na hilo la kujengwa upya ni kweli, ila linafaa kwa watu ambao hawajaona. Mawimbi yale yanamzuia mtu asione. Hakuna mahali filamu inaonyesha kwamba yanamfuta mtu kumbukumbu ya alichokwisha kuona. Nada alivua na kuvaa miwani mara kibao. Akivua, anaona watu wa kawaida, lakini anajua. Yule wa baa anajua tayari.


BINT CHUMBAGENI

Jamani mbona mmempita Holly haraka hivyo? Kwangu mimi mwisho wote ni yeye.

Kwanza niondoe ubishi ninaousikia kila mara: Holly ni binadamu. Watu wanasema ni mgeni kwa sababu ya macho ya Meg Foster aliyemwigiza, yale mepesi ya rangi ya maji, na kwa sababu hacheki. Lakini pale juu Nada ana lenzi machoni, zile walizopewa kwenye kikao badala ya miwani. Angekuwa fuvu angeliona. Anamtazama na anaona uso wa mtu.

Pili, kumbukeni alivyoingia. Nada alimteka kwenye gari, wakaenda nyumbani kwake, akampiga na chupa, akamsukuma dirishani akaporomoka mlimani. Hapo yeye ni mwanamke anayejiokoa na mtu mwenye bunduki, na ningefanya hivyohivyo. Baadaye anakuja kwenye kikao cha siri, anaomba radhi, anawaambia kituo chake ni safi, mawimbi hayatoki kwake. Dakika chache tu polisi wanavunja ukuta. Tena filamu haituelezi alinunuliwa lini. Labda tangu mwanzo, labda baada ya miwani kubaki nyumbani kwake na yeye akaijaribu. Mimi naamini la pili. Naamini aliivaa, akaona, akaenda kuuliza bei.

Na kama ni hivyo, basi mkuu hoja yako ya kwamba kila mtu anabaki na macho yake ina tundu. Holly alikuwa na macho. Yule mzee wa suti alikuwa na macho. Wale wa karamu wote walikuwa wanajua. Kuona hakukuwafanya wapigane, kuliwafanya wadai asilimia 39.


MTAZAMAJI WA USIKU

Dada yangu Bint Chumbageni, hapa ndipo palipo na nyama, na nimefurahi umepafikia.

Ni kweli kabisa, vibaraka walikuwa wanaona muda wote. Lakini tazama ujuzi wao ulikuwa na thamani kwa sababu gani: wengine hawakuwa nao. Yule mzee anawatembeza akina Nada kwa fahari kwa kuwa yuko ndani na wenzake wa kambini wako nje. Falsafa yake ni kwamba kila mtu anajiuza kila siku, basi bora ujiuze kwa upande unaoshinda. Maneno hayo yanasemeka kwenye ukumbi uliofichwa chini ya ardhi. Jaribu kuyasema barabarani, asubuhi ile, mbele ya watu waliobomolewa kambi yao kwa tingatinga usiku, na mafuvu yanaonekana waziwazi pembeni yako.

Kwa hiyo dishi linapolipuka, wageni wamepoteza sura zao, na vibaraka wamepoteza kisingizio cha kwamba wanafanya kazi na matajiri wa kawaida tu. Kuanzia hapo anayesimama na fuvu anaonekana amesimama na fuvu. Wengine bado watasimama nalo. Filamu haijaahidi kwamba hawatasimama, na ndiyo maana mwisho ule hauna bendera wala kushangilia.

Halafu kuna kitu kilichosemwa kwenye kikao kabla ya Holly kuingia ambacho sisi tunaotazama kutoka huku hatuwezi kukipita. Wanaeleza kwamba wageni si jeshi, ni wafanyabiashara. Dunia kwao ni sayari nyingine tu inayoendelea, ulimwengu wao wa tatu. Wanachukua mali, wanawalipa vizuri wachache wa ndani, wakimaliza wanahamia kwingine. Carpenter alikuwa anaongelea Marekani ya Rais Reagan ya miaka ya 1980, viwanda kufungwa na watu kulala nje huku wengine wakitajirika haraka. Lakini alichukua ramani tunayoijua na kuwaweka Wamarekani upande wa chini. Hapo mimi nilisimamisha video nikarudia.


CHUMA CHA UBUNGO

Hapo kwenye ulimwengu wa tatu umenigusa, sikatai. Na Holly kwenda kuuliza bei, dada umenifanya nitake kuirudia. Lakini bado nataka vita vyangu.


MPITA NJIA 77

Mimi nimesoma mahali kwamba wageni kwenye hii filamu ni fumbo la watu wa dini fulani wanaotawala benki na vyombo vya habari duniani. Ndio maana miwani inaonyesha kwenye noti na TV. Mnasemaje?


MTAZAMAJI WA USIKU

Nasema hapana, na nasema kwa ukali kidogo kwa sababu uzushi huo una damu nyuma yake. Hao wanaousambaza ni wafuasi wa fikra za Kinazi, na mwenye filamu alishawajibu mwenyewe hadharani Januari 2017: filamu inahusu matajiri wapya wa enzi ile na ubepari usio na breki, haina uhusiano wowote na Wayahudi kutawala dunia, na kwamba hayo ni uongo na kashfa.

Hata bila yeye kujibu, filamu yenyewe inakataa. Wageni hawana kabila. Wapo kwenye polisi, saluni, benki, duka la vyakula, kwenye siasa. Anayeitazama na kuondoka akimchukia jirani yake kwa dini yake, amefanya kilekile mawimbi yanachotaka: ageukie pembeni badala ya kutazama juu.


MPITA NJIA 77

Nimekuelewa mkuu. Asante kwa kufafanua.


MAMA WAWILI

Swali langu ni dogo. Kwa nini picha ya mwisho iwe ile ya kitandani? Nilikuwa natazama na wadogo zangu, ikabidi nizime. Mtu kafa shujaa paani, halafu unatufungia na utupu na kichekesho. Naona imeshusha heshima ya kifo chake.


MTAZAMAJI WA USIKU

Mama Wawili, kuhusu wadogo zako uko sahihi, hii si filamu ya watoto na ilipaswa mwanzoni kabisa niseme hivyo kwa herufi kubwa.

Lakini kuhusu heshima naona tofauti. Kumbuka lile bango la likizo, mwanamke wa ufukweni, ambalo kwa miwani linasomeka OANENI MZAANE. Kati ya amri zote, hiyo ndiyo inayoingia ndani kuliko zote. Mtu anaweza kukubali kwamba alinunua kitu kwa kudanganywa. Kitanda chake je? Filamu ilianza na mabango ya barabarani, ikaenda dukani, benki, studio, na mahali pa mwisho ilipobaki kuingia ni chumbani. Carpenter anafika huko na kukata.

Na yule mwanamke hana miwani. Hakuna mpinzani aliyempa lenzi, hakuna rafiki aliyempiga hadi akakubali. Kila mtu tuliyemwona akifunguka macho kabla ya hapo alisaidiwa na kifaa. Hawa wa mwisho, wa baa na wa kitandani, ndio wa kwanza kuona kwa macho matupu. Mgeni anamuuliza kuna nini, na swali hilo linaachwa kwake yeye alijibu. Kumpa Nada mazishi ya kishujaa hapo kungeturudisha kwa Nada, na kazi yake ilikuwa imeisha.

Kuchekesha nako kuna sababu. Wale mafuvu wametutisha kwa dakika tisini kwa sababu walikuwa na siri. Siri ikitoka, wanakuwa watu wa kuchekwa: mmoja anasoma habari kwa sauti nzito hajui kwamba kaanikwa, mwingine analalamikia ukatili wa sinema na uso kama ule, mwingine yuko uchi. Mtawala anayechekwa ameshaanza kuanguka.


FUNDI MADISHI

Naongeza moja kabla sijalala, kesho nina kazi ya mapema. Kwenye kile kikao walisema pia kwamba hewa ya dunia inabadilishwa, kaboni dioksidi na methani zimepanda tangu 1958, wageni wanaipasha dunia joto ifanane na kwao. Hilo dishi halikuligusa. Risasi ya Nada imezima wimbi, haijapoza hewa. Kwa hiyo hata wageni wakikimbia wote kesho, kazi waliyoanza inabaki kwa waliobaki. Filamu ya 1988 inasema hivyo kupitia vichekesho, na watu wengi wanaipita hiyo sentensi.


BINT CHUMBAGENI

Fundi hapo umenimaliza. Na ile 2025 ya karamuni imeshapita.

Mkuu mwanzisha uzi, ile hadithi ya Ray Nelson nianze nayo au nirudie filamu kwanza?


MTAZAMAJI WA USIKU

Rudia filamu kwanza, na safari hii mfuatilie Holly peke yake tangu anapotokea, uone kama dhana yako ya miwani iliyobaki nyumbani inasimama. Hadithi ni fupi mno, kurasa chache tu, unaimaliza ukiwa kwenye daladala. Ukisoma hadithi kwanza utakaa kwenye filamu ukisubiri ile saa mbili asubuhi, na haiji. Chuma, wewe anza na hadithi. Vita vyako viko kule.